Kuchagua kompyuta ya mtumba ya kuendeshea Unix: mwongozo kamili

Mwaka 1969, Ken Thompson alipoanza kuandika mfumo endeshi uliokuja kuitwa Unix kule Bell Labs, Marekani, hakupewa mashine mpya. Alitumia PDP-7, kompyuta ambayo hata kwa siku zile ilikuwa imeshapitwa na wakati na ilikuwa haina watumiaji wengi, yenye kumbukumbu ya maneno elfu 8 tu ya biti 18. Unix ilizaliwa kwenye mashine ya kuokota. Hadi leo OpenBSD, FreeBSD na NetBSD (warithi wake, kwa pamoja huitwa BSD), pamoja na Linux iliyoandikwa upya kwa kufuata njia hiyohiyo, zinatulia vizuri kwenye kompyuta ambazo ofisi zimeshazitoa kazini.

Na wakati huu soko limefunguka. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 inadai prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kompyuta za kizazi cha 6 na cha 7, nzima kabisa, zimekosa kazi kwa sababu hiyo tu. Ndizo zinazojaa kwenye maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli Avenue, Nairobi. Kwa mtu wa Unix, huu ni msimu wa mavuno.

Lakini si kila kompyuta kuukuu inafaa. Nimeona watu wakilipia nguvu ambayo hawataitumia, halafu wanakwama wiki nzima kwa sababu ya kadi ndogo ya WiFi. Mashine nzuri ya mtumba kwa Unix ni ile ambayo kerneli (sehemu ya mfumo inayoongoza vifaa) inatambua kila kipande chake, vipuri vyake vinapatikana, na haili umeme kuliko kazi inayofanya. Mambo hayo matatu yanapimika kabla hujatoa hela.

Hatua ya 1: Andika kazi kwanza

Chukua karatasi, andika mashine itafanya nini na itawaka saa ngapi kwa siku. Majibu mengi yanaangukia sehemu mbili. Kuna laptopu ya kujifunzia au kufanyia kazi, yaani kuandika programu, kuingia kwenye seva ya mbali kwa SSH, kivinjari na nyaraka. Hiyo inabebwa, inalazwa na kuamshwa mara nyingi kwa siku. Kuna na mashine isiyozimwa: ruta ya ofisi, hifadhi ya mafaili, seva ya nakala rudufu, au DNS ya nyumbani, inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani. Mahitaji yake hayafanani hata kidogo. Laptopu inadai skrini, kibodi, betri na WiFi. Seva ndogo inadai waya wa mtandao, utulivu na umeme kidogo, na skrini yake hata ikiwa imepasuka haikuhusu.

Wapo pia wapenzi wa mashine za kihistoria: Sun SPARC, SGI, Mac za PowerPC. Nawaelewa vizuri. NetBSD inaendesha aina zaidi ya 50 za mashine, na OpenBSD bado inatoa matoleo ya sparc64 na macppc. Ila kama unatafuta kompyuta yako pekee ya Unix, usianzie huko. Kivinjari cha kisasa ni shida, vipuri havipo mtaani, na pawasapulai ikifa ndiyo mwisho wa safari.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya umeme

Hatua hii watu huiruka, nayo ndiyo inayoamua gharama halisi ya mashine isiyozimwa.

Chukua kompyuta ya mezani ya Pentium 4 ya kundi la Prescott. Prosesa yake peke yake imepangiwa wati 84 hadi 115 kutegemea modeli. Tuseme mashine nzima inakula wastani wa wati 100. Zidisha kwa saa 24, kisha kwa siku 30: unapata uniti 72 kwa mwezi. Tanzania, mteja mdogo wa kundi la D1 hupata bei nafuu kwa uniti 75 tu za mwezi. Maana yake, kompyuta uliyopewa bure inaweza kukumalizia karibu fungu lote la bei nafuu la LUKU kabla hujawasha friji wala taa. Kompyuta ndogo inayokula wati 10 ikiwaka mwezi mzima inatumia uniti 7.2.

Kwa hesabu hiyohiyo, ziogope seva za rafu kama Dell PowerEdge R710 ya mwaka 2009. Zinauzwa kwa bei ya kuvutia, zina Xeon mbili na nafasi ya RAM nyingi, lakini hula zaidi ya wati 100 hata zikiwa hazina kazi, na feni zake zinavuma kiasi kwamba huwezi kulala chumba kimoja nazo. Kama huna chumba chake na bajeti ya umeme, iache hapohapo.

Kompyuta za mezani za zamani zina jambo moja zaidi. Angalia nyuma ya pawasapulai: nyingi zina swichi ndogo nyekundu yenye namba 115 na 230. Mashine iliyotoka Marekani inaweza kuwa imewekwa 115. Ukiichomeka kwenye umeme wetu bila kugeuza swichi, utasikia mlio mmoja na harufu ya kuungua, basi. Igeuze kwa bisibisi kabla hujagusa waya wa umeme.

Laptopu ina faida hapa, kwa sababu betri yake ni UPS (umeme wa akiba) iliyokuja bure. Ukiigeuza seva, zuia betri isijazwe hadi 100% muda wote, maana hapo ndipo inapovimba. Kwenye ThinkPad zenye Linux, andika 80 kwenye faili la `/sys/class/power_supply/BAT0/charge_control_end_threshold`. Kwenye OpenBSD tangu toleo la 7.4, amri ni `sysctl hw.battery.chargestop=80`.

Hatua ya 3: Jifunze kusoma jina la prosesa

Muuzaji atakwambia "hii ni i7". Neno hilo peke yake halikwambii kitu. Soma namba nzima: kwenye i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi, hapa cha 6. Herufi ya mwisho inaonyesha jamii yake. U ni ya laptopu yenye kula umeme kidogo, M ni ya laptopu za zamani zaidi, na T ni ya kompyuta za mezani zilizobanwa hadi wati 35.

Mruko mkubwa uko kwenye kizazi cha 8. Prosesa za U hadi kizazi cha 7 zina viini (cores) 2 tu, ziwe i5 au i7. Mwaka 2017 ikaja i5-8250U yenye viini 4. Kwa hiyo i5 ya kizazi cha 8 inaipita i7-6500U bila kubishana, hata kama stika ya i7 inang'aa zaidi. Kama unakusanya programu kubwa kutoka kwenye msimbo chanzo, tofauti hiyo utaiona kila siku. Kama unaandika maandishi na kuingia kwenye seva za mbali, kizazi cha 6 kinakutosha, na hela inayobaki nunua SSD.

Angalia vilevile AES-NI, maelekezo ya ndani ya prosesa yanayoharakisha usimbaji fiche. Laptopu inaibika, kwa hiyo diski lazima isimbwe, na bila AES-NI kila usomaji wa diski unailemea prosesa. Core 2 Duo haina, na i3 za kizazi cha 2 na cha 3 hazina. i5 na i7 za vizazi hivyo zinayo. Mara nyingi tofauti ya bei kati ya i3 na i5 ya mwaka uleule ni ndogo, na hii ndiyo sababu ya kuilipa.

Mifumo nayo imeanza kuwaacha wazee. Debian 13 ya mwaka 2025 haina tena kisakinishi cha biti 32, na FreeBSD 15 imeliacha jukwaa la i386. OpenBSD na NetBSD bado zinayo. Red Hat Enterprise Linux 9 inadai kiwango cha x86-64-v2, na toleo la 10 linadai v3, yaani prosesa yenye AVX2 (maelekezo ya kuharakisha hesabu): kwa Intel Core hiyo ni kizazi cha 4 kwenda juu. Celeron na Pentium za miaka hiyo hazina AVX2 hata zikiwa za kizazi hichohicho. Kwa hiyo kama unajiandaa kwa kazi ya usimamizi wa mifumo ambako Red Hat ndiyo inayotumika, ThinkPad X220 nzuri ya kizazi cha 2 itakuangusha.

Tangu Januari 2018, kasoro za usalama za Meltdown na Spectre zilipotangazwa, kerneli zina kinga ambazo hupunguza kasi ya prosesa hizi za zamani. OpenBSD ilikwenda mbali zaidi na kuzima Hyper-Threading, inayofanya kiini kimoja kionekane kama viwili, mwaka huohuo. Usishangae basi ukiona viini 2 mahali ambapo Windows ilikuonyesha 4. Si ubovu wa mashine.

Hatua ya 4: Familia za mashine zinazofaa

Kwa laptopu, nenda kwenye laini za ofisi: ThinkPad za mfululizo wa X na T, HP EliteBook, Dell Latitude. Hizi zilinunuliwa na kampuni kwa maelfu, ndiyo maana vipuri vyake vinapatikana, na ndizo ambazo waandishi wengi wa draiva (programu za kuendeshea vifaa) za BSD wanazitumia wenyewe. Laini za nyumbani za makampuni hayohayo ni bahati nasibu, kwa sababu mashine mbili zenye jina moja zinaweza kuwa na kadi tofauti ndani.

ThinkPad X220 ya 2011 na X230 ya 2012 ni imara, ila sasa zimeanza kuchoka: skrini za 1366 kwa 768, na viini 2. X230 bado naipendekeza kwa mwanafunzi mwenye bajeti ndogo kabisa. Kumbuka kwamba zote mbili zinameza diski yenye unene wa milimita 7 tu. X240 na T440 za 2013 ziache zikupite kama unatumia kile kinundu chekundu katikati ya kibodi, kwa sababu vitufe vya panya viliunganishwa na tachipedi. Vilirudi mwaka 2015 kwenye X250 na T450. X240 pia ina tundu moja tu la RAM, mwisho 8 GB.

Kwa wengi wetu, ukanda bora wa leo ni mashine za mwaka 2016 na 2017: ThinkPad X260, X270, T460 na T470, EliteBook 840 G3, Latitude E7470. EliteBook 840 G3 imejaa madukani, ina matundu 2 ya RAM ya DDR4, na inafunguka kwa skrubu za kawaida. Ukiweza kuongeza hela kidogo, ThinkPad T480 ya 2018 inakupa viini 4 na betri mbili, ya ndani na ya kuchomoa.

Usidhani kwamba mashine mpya zaidi ndiyo salama zaidi. Laptopu nyingi za kuanzia takribani 2020 ziliondoa usingizi wa S3, ule wa kufunika kava na mashine ikalala kweli. Zimebaki na mtindo mpya ambao Linux inauweza kwa viwango tofauti, na BSD bado zinaufanyia kazi. ThinkPad ya 2016 ikiwa na OpenBSD, ukifunika inalala, ukifunua inaamka. Kwa mtu anayebeba mashine yake kutoka chuo kwenda nyumbani, hilo lina thamani kuliko gigahezi.

Kwa mashine isiyozimwa, tafuta kompyuta ndogo za mezani: Lenovo ThinkCentre M710q, Dell OptiPlex 3050 au 7050 Micro, HP EliteDesk 800 G2 Mini. Zina prosesa za T na ukubwa wa kitabu kinene. OptiPlex 3050 ina kadi ya mtandao ya Realtek, 7050 ina ya Intel. Zote zinafanya kazi, lakini ya Intel ndiyo ninayoiamini zaidi kwa ruta yenye shughuli nyingi. Chini ya hapo kuna HP t620, kompyuta iliyotengenezwa kwa ajili ya benki na kaunta za ofisi. Haina feni, inachukua SSD ya M.2 ya SATA, na modeli yenye AMD GX-415GA ina viini 4 na AES. Ile ndefu, t620 Plus, ina nafasi ya kadi ya PCIe, kwa hiyo unaweza kuipachika kadi ya mtandao yenye milango 4 na kuifanya faiwoli. Kama mafaili yako ni ya thamani na unataka ZFS (mfumo wa mafaili unaokagua data) yenye RAM ya ECC (inayosahihisha makosa yake), Dell Precision T1700 yenye Xeon E3 ya v3 ni chaguo la heshima, mradi umepiga hesabu ya hatua ya 2.

Chromebook za shule zinauzwa kwa bei ya chini sana. Diski yake ya eMMC na mara nyingi RAM vimechomelewa kwenye bodi, na lazima kwanza ubadilishe programu dhibiti (firmware) yake ili ikubali mfumo mwingine. Laptopu ndogo na tableti zenye Atom kama Z3735F zina UEFI (programu inayowasha mashine) ya biti 32 juu ya prosesa ya biti 64, na visakinishi vingi vinagoma kuwaka. Zote hizo si za kuanzia. MacBook Pro ya inchi 13 ya 2012, ile yenye kufunguka, ni mashine nzuri yenye kadi mbaya ya WiFi, jambo linalotuleta kwenye hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Kadi ya WiFi na kadi ya picha

Watu wengi wanakwama hapa, kwa hiyo tulia nayo.

Kadi za Intel ndizo rafiki wa Unix. Centrino 6205 inayopatikana kwenye X220 na X230 inaendeshwa na draiva ya iwn. 7260 na 8260 zinaendeshwa na iwm, na kwenye Linux zote ziko chini ya iwlwifi. Broadcom ni kinyume chake. Utazikuta kwenye baadhi ya HP na Dell, na karibu kila MacBook ya zamani. Linux inaziendesha nyingi kwa taabu kiasi, OpenBSD na FreeBSD nyingi hazizitambui kabisa.

Utasema, si nabadilisha tu kadi? Kwenye T480 au 840 G3 kadi inachomoka kwa skrubu moja. Lakini ThinkPad za kina X220 na X230, na HP nyingi za miaka ile, zina orodha ya kadi zilizoruhusiwa ndani ya BIOS, programu ya kwanza kuwaka kwenye mashine. Ukiweka kadi nyingine, mashine inasimama kwenye skrini nyeusi yenye ujumbe wa kosa (1802 kwenye ThinkPad) na haiendelei mpaka uitoe. Njia nyepesi ni kadi ndogo ya USB yenye chipu ya Realtek RTL8188CUS, ambayo OpenBSD inaiita urtwn. Haina kasi kubwa, lakini inafanya kazi.

Jambo lingine ambalo wageni hawalijui: hata kadi ya Intel inayotambuliwa inahitaji faili la programu dhibiti ambalo OpenBSD hairuhusiwi kulisambaza ndani ya kisakinishi chake. Linapakuliwa kwa `fw_update`, na amri hiyo inataka intaneti, ambayo huna kwa sababu WiFi haijawaka! Suluhisho liko mfukoni. Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, washa ushirikishaji wa intaneti kupitia USB, na kwa simu nyingi kadi ya `urndis0` itatokea. Andika `ifconfig urndis0 inet autoconf`, kisha `fw_update`. Dakika chache tu, na bando la MB kidogo.

Kuhusu picha, sheria ni fupi: chukua Intel ya ndani ya prosesa. Kadi za NVIDIA za zamani zinahitaji draiva za mtengenezaji ambazo huachwa baada ya miaka kadhaa, na OpenBSD haina draiva ya kuharakisha picha kwa NVIDIA. Laptopu yenye kadi mbili za picha itakupa joto na betri fupi bila faida yoyote.

Hatua ya 6: Andaa flashi mbili

Kununua bila kujaribu ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Tengeneza flashi mbili nyumbani, kwa Rufus kama unatumia Windows au kwa `dd` kama unayo Unix tayari.

Ya kwanza iwe na SystemRescue. Ni Linux inayowaka bila kusakinishwa, ndani yake mna smartctl ya kupima diski na memtest ya kupima RAM. Ya pili iwe na OpenBSD iliyosakinishwa kabisa juu ya flashi yenyewe, kama vile flashi ndiyo diski. Usiende na kisakinishi peke yake, kwa sababu kerneli yake imepunguzwa na draiva nyingi hazimo, kwa hiyo itakuonyesha vifaa vingi havitambuliki wakati mfumo kamili unavitambua. Kama unalenga FreeBSD, picha yake ya memstick ina chaguo la Live System. Unaingia kwa root bila nenosiri, na `pciconf -lv` inakuonyesha kila kifaa. Kilichoanza na neno none hakina draiva.

Flashi za bei rahisi sana mara nyingi hudanganya ukubwa. Programu ya f3 inazifichua kabla hazijakuharibia siku.

Hatua ya 7: Dukani

Fika mchana, siku ambayo duka halijajaa. Muuzaji atasema, "Kaka, hii iko safi, i5, 8 GB, SSD, chaja yake hii hapa." Mjibu kwa upole, "Sawa kaka, naomba nusu saa niiwashe na flashi yangu." Muuzaji anayejiamini atakupa kiti. Akikataa katakata, mshukuru, nenda duka linalofuata.

Anza na BIOS: F1 kwenye ThinkPad, F10 kwenye HP, F2 kwenye Dell. Ikikuomba nenosiri ambalo muuzaji halijui, simama hapo. Kwenye ThinkPad nenosiri la msimamizi limeandikwa kwenye chipu, haliondoki kwa kutoa betri ya saa. Tafuta pia Computrace au Absolute, huduma ya kufuatilia mashine iliyopotea. Ikiwa imeamilishwa, huenda mashine bado ni mali ya kampuni fulani, au imeibwa. Kama kila kitu ni safi, zima Secure Boot na uwashe kupitia flashi: F12 kwa ThinkPad na Dell, F9 kwa HP.

Ndani ya SystemRescue anza na `lscpu`, ulinganishe jina la prosesa na maneno ya muuzaji. Kisha `free -h` kwa RAM. Kisha `smartctl -a /dev/sda`, na hapo soma mistari mitatu: Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector zinapaswa kuwa sifuri, na Power_On_Hours inakupa umri halisi wa diski. Kama unapanga kuweka SSD mpya, diski mbovu si sababu ya kukataa mashine bali ni sababu ya kushusha bei. Kwa betri, soma `energy_full` na `energy_full_design` ndani ya `/sys/class/power_supply/BAT0/`, ugawanye ya kwanza kwa ya pili. ThinkPad zenye betri mbili zina BAT1 pia. Chini ya 0.6, hesabu bei ya betri mpya ndani ya bei ya mashine.

Badilisha flashi, washa OpenBSD, andika `dmesg | grep "not configured"`. Mistari inayotoka ni vifaa visivyo na draiva. Kisomaji cha alama za vidole au cha kadi janja kikitokea hapo, puuza. Ikitokea kadi ya mtandao, rudi hatua ya 5 na ufikiri upya.

Sasa tumia mikono. Bonyeza kila kitufe cha kibodi, na angalia mpangilio wake: mashine zilizotoka Ujerumani zina QWERTZ, za Ufaransa AZERTY, za Ghuba zina herufi za Kiarabu pembeni. Mtu wa Unix anatumia `|`, `~` na mabano ya `{}` siku nzima, na kwenye kibodi ya Kijerumani alama hizo zimejificha nyuma ya kitufe cha AltGr. Unaweza kuweka mpangilio wa Kimarekani kwa programu, ila maandishi juu ya vitufe hayatalingana na kinachotokea. Chomeka flashi kwenye kila mlango wa USB. Chomeka waya wa mtandao. Funika kava, subiri, funua. Endesha `openssl speed -multi 4` kwa dakika 10 huku sikio liko kwenye feni na mkono juu ya kibodi. Mashine inayojizima wakati huo ina vumbi lililoganda au feni inayokufa. ThinkPad ikiandika "Fan error" wakati wa kuwaka, feni imeshakufa.

Usisahau chaja. Dell inaitambua chaja yake kupitia pini ya katikati, na isipoitambua inapunguza kasi ya prosesa na kukataa kujaza betri. Mashine nzuri ikionekana nzito bila sababu, mara nyingi tatizo ni chaja ya bandia.

Hatua ya 8: Mfumo gani juu ya mashine gani

Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu mashine iliyochaguliwa vizuri itakubali yoyote. OpenBSD kwa ThinkPad ya kujifunzia na kwa faiwoli: kurasa zake za maelezo za `man` ni shule tosha. FreeBSD kwa hifadhi ya mafaili yenye ZFS, ukiwa na RAM ya 8 GB au zaidi. Debian kama una kadi ya Broadcom au unahitaji programu ambazo BSD hazina. NetBSD kwa mashine za biti 32 na za kihistoria. Na kama tayari unayo MacBook ya zamani, macOS yenyewe ni Unix iliyoidhinishwa rasmi tangu toleo la 10.5 la mwaka 2007, kwa hiyo fungua terminali uanze kujifunza leo.

Hatua ya 9: Siku ya kwanza nyumbani

Kabla ya kusakinisha, ifungue. Zima, chomoa betri, ondoa vumbi kwa brashi laini huku umeshikilia feni isizunguke, na ubadilishe grisi ya kupooza prosesa kama imekauka. Ukiongeza RAM, hakikisha aina: laptopu za kizazi cha 4 zinataka DDR3L ya volti 1.35, na DDR3 ya kawaida ya volti 1.5 inaweza kuizuia isiwake kabisa.

Weka betri mpya ya saa kwenye kompyuta ya mezani, ile ya CR2032. Ikiwa imekufa, tarehe inarudi nyuma miaka, vyeti vya HTTPS vinakataliwa, na utahangaika ukidhani mtandao ndio mbovu wakati upakuaji unagoma kwa sababu ya saa. Ukikutana na hali hiyo, andika `date` kabla ya kitu kingine chochote.

Sakinisha ukichagua kusimba diski nzima. Endesha `fw_update` kupitia simu kama nilivyoeleza. Baada ya hapo hifadhi matokeo ya `dmesg` kwenye faili, ulitume na kwako kwa barua pepe. Mradi wa OpenBSD huomba watumiaji wautumie dmesg za mashine zao, maana ndivyo waandishi wa draiva wanavyojua watu wanatumia vifaa gani. Yako ikiwa ya modeli ambayo haijaonekana sana, itamsaidia mtu.

Ukishaizoea mashine na kuona inakufaa, rudi kwa fundi uulize kama ana modeli hiyohiyo iliyokufa bodi. Kwa bei ndogo unapata kibodi, skrini, feni, bawaba na chaja ya akiba. Ichukue, ifunge kwenye mfuko wa nailoni mbali na unyevu, na uandike juu yake modeli na vipande ambavyo umeshavitoa.